Stashahada kwa Ndoo ya Asali

Bundala aliiona riziki yake akiwa kwenye kiti cha kinyozi, mtaa wa Kanyenye, Tabora mjini, kichwa kimenyolewa upande mmoja. Kwenye benchi la wanaosubiri zamu, watu wazima wenye akili zao walikuwa wakilalamikia usaili. Mmoja alikuwa ameitwa Dodoma, akakuta waombaji wamejaa uwanja mzima wa mpira, wanagombea nafasi zinazoweza kukaa kwenye bajaji moja. Mwingine aliulizwa anajiona wapi baada ya miaka mitano, akajibu kwa uaminifu kwamba atakuwa hapa hapa Tabora, Mungu akipenda, na hakuitwa tena. Wa tatu alisema vyeti anavyo, tatizo lake ni kwamba akikaa mbele ya watu waliovaa tai, ulimi unakuwa mzito kama ugali wa jana.

Kinyozi akataka kuhamia upande wa pili. Bundala akamwomba asubiri kidogo, anasikiliza.

Mtu huyu alizaliwa Puge, huko Nzega, kwa mzee Samweli, mkulima wa mpunga na mwimbaji wa besi katika kwaya ya Moravian. Alisoma kiasi cha kumwezesha kuelewa matangazo ya kazi, si kiasi cha kumwezesha kupata hata moja. Aliwahi kuitwa kwenye usaili mara moja tu maishani, wa utarishi, akatolewa nje kabla hajamaliza kusalimia. Mwingine angerudi nyumbani kulima. Bundala alirudi mtaani na elimu kubwa zaidi, nayo ni kwamba mtu anayetafuta cheo hahesabu vidole vyake baada ya kupeana mkono na wewe.

Kabla nywele za upande wa pili hazijaanguka sakafuni, mpango ulikuwa tayari. Atafungua kituo cha kuandaa watu kwa usaili. Lakini mtaalamu aliyetoka Puge, Tabora nzima itamwona ni mtoto wa fulani tu, wataanza kumuuliza mvua zimenyeshaje. Mtaalamu lazima atoke mbali, na kwa watu wa bara hakuna mbali panapoheshimika kama pwani. Hivyo Bundala wa Puge alikufa pale kwenye kiti, bila maumivu, na aliyesimama akijipangusa shingo alikuwa Dokta Adinani, Mzaramo wa Kisarawe, mtaalamu wa rasilimali watu.

Uzaramo haukuwa wa bahati mbaya. Tangu enzi za misafara, wapagazi wa Kinyamwezi walipokuwa wakipita Uzaramo na pembe za ndovu mabegani kwenda Bagamoyo, Wazaramo na Wanyamwezi, wenyeji wa Tabora, ni watani. Mtani anakutukana mbele ya wakwe zako, anakunyang'anya kipande cha nyama mdomoni, nawe unacheka. Ukikasirika, aibu ni yako. Bundala aliufikiria utani huo kwa jicho la mfanyabiashara, akaona kwamba tapeli aliye mtani wa mji mzima ni tapeli mwenye bima.

Akapanga vyumba viwili nyumbani kwa mzee Hilari, mstaafu wa reli mwenye sauti kubwa na nyumba ndefu ya kupangisha. Ukutani akabandika picha yake amevaa joho la kukodi, ambalo hakulirudisha tena. Mlangoni akaandika Kituo cha Stashahada ya Juu ya Utayari wa Usaili. Hakuna aliyeuliza stashahada ya chini iko wapi.

Wanafunzi walikuja, maana alijua kuwapa walichotaka. Aliwafundisha kuingia chumbani kana kwamba gari limewasubiri nje. Aliwafundisha kwamba wakiulizwa udhaifu wao, waseme wanapenda kazi kupita kiasi, kisha wainamishe kichwa kwa huzuni. Wakiulizwa mshahara wanaoutaka, watazame dirishani kama mtu anayekumbuka mshahara wake wa zamani. Wasifu wao aliuandika upya yeye mwenyewe. Muuza mkaa wa Kanyenye akawa afisa nishati. Mama wa vitumbua akawa meneja wa uzalishaji. Mzee Hilari, ambaye kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kupunga bendera ya kijani ili garimoshi liondoke, akajikuta ni mtoa maamuzi wa mwisho katika sekta ya usafirishaji, akaenda kumsomea mkewe karatasi hiyo kwa sauti.

Lakini maandalizi bila ajira ni mahubiri bila sadaka. Ndipo Dokta akawanong'oneza juu ya Mradi wa Kufufua Njia ya Misafara. Watalii watatembea kwa miguu kutoka Ujiji hadi Bagamoyo, njia ile ile ya wapagazi, na katika kila kituo shirika litaajiri mratibu mwenye gari, dereva na posho ya safari. Na kwa kuwa mradi wenyewe ni safari, posho itakuwa ya kila siku ya Mungu. Jopo la usaili lingefika Tabora Jumatatu ya mwisho wa mwezi, na majina ya kupelekwa mbele yangetoka kwake. Darasani, hata wale ambao hawajawahi kutembea kwa miguu hadi sokoni waliiona njia ya misafara ikipita mbele ya milango yao.

Kuhusu ada, Dokta alikuwa na msimamo wa kitaalamu. Fedha hakutaka, kwa sababu fedha za siku hizi hupita kwenye simu na simu ina kumbukumbu kubwa kuliko tembo. Alisema shirika linataka watu wanaothamini mali ya asili, kwa hiyo ada ni asali. Ilikuwa msimu wa kurina, kila mwenye ndugu porini alikuwa na ndoo. Asali haina risiti, haina jina la mtumaji, na wafanyabiashara wa Dodoma huinunua bila kuuliza ilikotoka. Chumba cha nyuma kikajaa ndoo hadi dirishani, na Dokta alikuwa analala na harufu yake kama nyuki mstaafu.

Miongoni mwa waliojaza chumba hicho alikuwa Tekla, mwalimu wa shule ya msingi Goweko. Huyu hakuwa na tamaa ya gari. Alikuwa amepata nafasi halali ya kwenda chuo kusomea stashahada ya ualimu, ya kweli, yenye vitabu na mitihani, na baba yake alikuwa amempa asali ya mizinga yote ya msimu ule iwe ada yake. Mzee aliirina mwenyewe, akavimba uso mzima, akacheka na uvimbe wake. Tekla alikuja Tabora mjini kutafuta mnunuzi, akapitia kituoni kwa sababu shoga yake alimwambia kuna Dokta anayefundisha kujieleza. Dokta akamuuliza miaka miwili ya kukaa darasani ni ya nini, wakati usaili wa dakika chache unampa mara tatu ya mshahara wa mwalimu. Alimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa tangu saa nne mpaka jua lilipochwea, na ndoo za mzee zikashushwa zote.

Wiki mbili baadaye Tekla alirudi, wakati chumba cha mbele kimejaa wanafunzi. Alisimama mlangoni na mkoba wake, akaongea polepole kama anayemsomesha mtoto.

"Dokta, naomba asali yangu. Chuo kinafungua wiki ijayo, na ile ndiyo ada."

"Mwalimu, Jumatatu unakuwa mratibu wewe. Unarudi kwenye madawati kufanya nini?"

"Nataka kusoma. Nilikosea kukusikiliza. Baba yangu hajui kama ndoo ziko hapa, na sina namna ya kumwambia."

Bundala aliona haya. Haya halisi, nusura afungue mlango wa chumba cha nyuma. Halafu akakumbuka kwamba Damas, mnunuzi wa asali wa Dodoma, anakuja Ijumaa na lori, na kwamba baada ya hapo kuna Mwanza, mji mkubwa wenye watu wengi zaidi wanaojiona wanastahili vyeo. Akaimeza haya yake. Akawageukia wanafunzi, mikono juu.

"Jamani, mtazameni Mnyamwezi! Babu yake alibeba pembe mpaka pwani bila kulalamika, mjukuu kabeba ndoo za asali tu, anataka azirudishe!"

Darasa likacheka, mzee Hilari akipiga paja kuliko wote. Tekla hakucheka, wala hakukasirika. Alimtazama Dokta usoni kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta jina la wimbo, kisha akaaga na kuondoka. Dokta akaendelea na somo la kupeana mikono.

Likabaki tatizo dogo la ufundi. Ndoo zile zilipaswa kutoka Ijumaa, mchana kweupe, mbele ya mzee Hilari ambaye huketi barazani kama mlinzi wa benki, na siku tatu kabla ya jopo ambalo halikuwepo. Ilihitajika sababu ambayo hakuna mtu mwenye adabu angeihoji. Bundala alifikiri, akafikiri tena, akajipongeza. Alhamisi jioni alitokea barazani macho mekundu, maana alikuwa ameyasugua kwa kitunguu, akamwambia mzee Hilari kwamba baba yake amefariki Kisarawe, ameshazikwa, na kesho analazimika kusafiri kwa ajili ya hitima. Alitegemea kuachwa kwa amani. Moyoni alitegemea na rambirambi kidogo.

Mzee Hilari hakusema pole. Alimkodolea macho, na uso wake wa kizee ukaanza kung'aa kama wa mtoto aliyeahidiwa pipi.

"Mzaramo amefiwa?" aliuliza. "Hapa kwangu?"

Hapo ndipo Bundala alipoelewa alichojifanyia. Si kwamba hakuijua mila. Aliijua sana. Alikulia ndani yake, na utotoni alikimbia na kuku wa wafiwa wengi. Mtani akifiwa, watani wake huja na kuugeuza msiba wake kichekesho ili asizame katika huzuni: humtukana marehemu, humfunga mfiwa kamba, hubeba chochote kilichomo ndani, na hakirudi mpaka kikombolewe. Maisha yake yote Bundala alikuwa upande wa wanaobeba. Alisahau tu kwamba alipohamia Kisarawe, alihama na upande.

Ijumaa asubuhi Kanyenye haikufungua maduka. Watani walikuja wamevaa nguo ndani nje, nyuso zimepakwa masizi, wanaume wamevaa vitenge, wanawake wamevaa suruali za waume zao. Mama wa vitumbua alijitupa chini mlangoni akimlilia marehemu kwamba alikuwa mlafi, kwamba pweza wote wa pwani sasa watapumzika. Muuza mkaa alidai marehemu alimwahidi kumrithisha mke. Mzee Hilari, kofia ya reli kichwani na bendera yake ya kijani mkononi, alimkamata Dokta kwa mikono yake mwenyewe na kumfunga kwenye nguzo ya baraza, joho na yote. Dokta akacheka. Alikuwa na njia gani nyingine? Miezi yote hiyo ndiye aliyewafundisha kwamba asiyecheka hana adabu.

Kisha wakaingia ndani, wakatoka na meza, wakatoka na godoro. Wakatoka na picha yake ya ukutani, wakaizungusha mtaa mzima wakiipigia saluti. Dokta bado alikuwa anacheka, kwa sababu hesabu ya mila haikuwa mbaya: fidia huwa ni kitu kidogo, mbuzi au soda za watoto, kisha vitu hurudi. Chumba cha nyuma kilikuwa na kufuli, na lori lilikuwa njiani.

Tekla akafika na wanawake wa Goweko. Hakuwa na masizi usoni. Alimwendea mzee Hilari, akamnong'oneza kitu sikioni, na akaendelea kunong'ona kwa kitambo. Bundala kutoka kwenye nguzo yake aliona bendera ya kijani ikishuka taratibu. Mzee akageuka kumtazama, bado anatabasamu kwa mdomo, lakini macho yalikuwa yameacha. Akaingia ndani. Kufuli ikalia mara moja, kama kufuli ya bei nafuu inavyolia, na ndoo ya kwanza ikatoka juu ya kichwa cha mama wa vitumbua.

Zikatoka zote. Zikapangwa barabarani kwa mstari, watu wakizitambua zao kwa vitambaa vya mifuniko. Mgambo wa kata alipita, akauliza kama huu ni wizi, akaambiwa ni msiba wa Mzaramo, akachovya kidole kwenye asali na kuendelea na doria.

"Fidia ni ndogo," mzee Hilari alitangaza. "Hatutaki mbuzi wala soda. Mtani wetu amlilie baba yake mara moja tu, kwa Kizaramo, kama wanavyolia kwao. Akilia, ndoo zote zinarudi ndani."

Watu walisogea karibu. Bundala alitazama dirishani, ingawa hakukuwa na dirisha. Aliinamisha kichwa kwa huzuni. Alifanya kila alichowahi kumfundisha mtu kufanya mbele ya swali asilolijua, na kwa mara ya kwanza aligundua jinsi mambo hayo yasivyosaidia. Mwishowe akaguna kitu kirefu kupitia puani, mchanganyiko wa adhana na wimbo wa harusi. Mtoto mmoja akaanza kulia.

"Hajafaulu," alisema Tekla.

Wakati huo huo lori la Damas likaingia mtaani likipiga honi. Damas alishuka, mtu mnene asiyependa kupoteza muda, akatazama msafara wa ndoo, watu wenye masizi, na mteja wake aliyefungwa kwenye nguzo. Akauliza swali moja tu la biashara: mwenye asali ni nani?

Bundala alifungua mdomo. Akisema ni yake, mtaa mzima ulikuwa umesikia alivyoshindwa fidia. Akisema ameibiwa, watauliza na yeye aliipataje. Akisema yeye si Mzaramo, mila haimhusu, basi Dokta Adinani ni nani, na jopo la Jumatatu liko wapi, na ile karatasi ya mzee Hilari imeandikwa na nani? Kila njia ilimrudisha pale pale kwenye kamba. Alitamani kulia kweli, kwa lugha yoyote ile.

"Ni utani tu, bwana Damas," alisema. "Ongea na wenyewe."

Damas akaongea na wenyewe. Alipima na kulipa pale pale, kila mtu na ndoo yake. Mama wa vitumbua alibishana naye mpaka akapandisha bei, akasema yeye ni meneja wa uzalishaji. Tekla aliuza za baba yake, akafunga malipo kwenye kona ya kitenge, na ndipo Bundala alipomwona akicheka kwa mara ya kwanza, kicheko kidogo cha mtu aliyeshusha mzigo. Hakumtazama hata kidogo.

Kwa mapenzi makubwa, watani walikesha na mfiwa, wengine wakilala mlangoni na wengine chini ya dirisha, asije akajisikia mpweke. Rambirambi walichanga, lakini hawakumkabidhi mkononi. Walimkatia tiketi ya garimoshi mpaka Dar es Salaam, na asubuhi wakamsindikiza stesheni kwa ngoma, amebebwa juu juu kama bwana harusi. Mzee Hilari alimkalisha dirishani, akamfunga vifungo vya joho. Wanawake wa Goweko waliokuwa wakirudi kwao wakajaza viti vilivyomzunguka. Bundala aliwatazama, akapiga hesabu: hawa wanashuka Goweko. Akivuka pale yuko huru, atashuka kituo kinachofuata, atapanda basi kurudi Nzega, na kwao Puge atakula ugali wa mama na kupumzika mpaka upepo upite. Moyo ukamtulia.

Tekla alikuja dirishani akiwa na begi la shule mgongoni. Yeye alikuwa haondoki na gari hilo, chuo chake kilikuwa upande mwingine.

"Mwangaluka, Bundala," alimsalimu kwa Kinyamwezi, kwa sauti ya chini.

"Mwangaluka," akaitikia, na jasho likamtoka kabla hajafunga mdomo.

"Nilianzia kazi Puge. Picha yako iko sebuleni kwa mzee Samweli, umevaa sare ya shule, unacheka hivyo hivyo. Ilinichukua muda kukumbuka."

Bundala akawatazama wanawake waliomzunguka.

"Utawaambia hawa?" aliuliza.

"Mzee Hilari anajua. Wengine watajua Jumatatu, jopo lisipokuja. Ila nyumbani usiende kwanza." Akaurekebisha mkanda wa begi. "Nilimpigia simu mzee Samweli jana. Ameshasikia kwamba amekufa, kwamba amezikwa Kisarawe, na kwamba alikuwa mlafi wa pweza. Anakusubiri barabarani na fimbo, na kwaya nzima iko naye."

Mzee Hilari akapuliza kipenga cha zamani, akainua bendera yake ya kijani. Garimoshi likavuta, wanawake wa Goweko wakaanza wimbo wa maombolezo kwa furaha kubwa, na Tabora ikarudi nyuma taratibu. Ndivyo Dokta Adinani wa Kisarawe alivyoanza safari ya kwenda pwani, mahali ambapo hakuwahi kukanyaga tangu azaliwe.